Kundi la tranki linapotelea wapi kati ya Mwanza na Dar? Wajuzi wa SIP naomba mpite hapa

#1 WayaMwekundu
Wakuu, salaam. Nisizunguke.

Niko kwenye kampuni ndogo ya simu za intaneti hapa Mwanza, jina tuliache. Tuna geitiwei moja (lango linalogeuza simu za waya kuwa za intaneti) yenye E1 nne, yaani laini za kidijitali za simu: mbili za mtoa huduma A, mbili za mtoa huduma B. Upande wa pili wa geitiwei ni SIP (lugha ya kuunganisha simu za intaneti), inapita kwenye SBC yetu, mlinzi wa mpaka wa mtandao, inashuka Dar kwa mtoa huduma mkubwa ambaye ofisini tunamwita "mjomba". Kila mwisho wa mwezi mjomba analeta hesabu ya dakika kwa kila kundi la tranki: hizi zimeingilia kundi la A, hizi la B, halafu kuna safu ya tatu, "kundi halijulikani". Hiyo safu ya tatu ndiyo inaninyima usingizi, maana mkataba unasema kisichojulikana kinatozwa bei ya juu kuliko zote. Na kila mwezi inanenepa.

Geitiwei inaandika kundi kwenye Contact, heda ya ujumbe wa SIP yenye anwani ya aliyeutuma, hivi:

Contact: <sip:+25528XXXXXXX;tgrp=MZA-A;trunk-context=gw1.example.net@10.20.0.5;user=phone>

Nikichukua tresi (rekodi ya ujumbe unaopita) mlangoni kwa geitiwei, tgrp, yaani jina la kundi, ipo kwa kila simu. Mjomba anasema kwake mara ipo mara haipo. Nani anaila njiani?

#2 SangaraMbichi
Nimekaa paleee, nasubiri wajuzi. Chai ya tangawizi mkononi.

#3 KijanaWaKirumba
Samahani kwa swali la kijinga. Kundi la tranki ndiyo nini hasa? Mimi natengeneza simu za mkononi Makoroboi, haya mambo ya swichi nasikia tu.

#4 DadaWaZamu
#3 Swali si la kijinga. Tranki ni njia moja ya sauti kati ya swichi mbili. E1 moja ina nafasi 32 ndani ya megabiti 2.048 kwa sekunde. Ya kwanza, namba 0, ni ya ulinganifu, namba 16 mara nyingi hubeba ishara, zinabaki 30 za kuongea. Ukizikusanya tranki zinazokwenda sehemu moja, ambazo ukichukua hii au ile ni sawa tu, hilo ndilo kundi. Swichi haijali simu imepanda njia ya 7 au ya 19. Inajali kundi, kwa sababu kundi ndilo linaloeleza nani ameleta simu, kwa bei gani, na tumpeleke wapi.

Sasa mleta mada ana makundi mawili, A na B. Simu ikishageuzwa kuwa SIP hakuna tena waya wa kuangalia. Lazima mtu aandike kwenye ujumbe: "hii imeingilia A".

#5 MzeeWaKrosiba
Enzi za Posta na Simu hatukuwa na tatizo hili. Unaamka kwenye kiti, unakwenda kwenye fremu, unaushika waya kwa mkono. Kundi la Musoma liko pale, la Bukoba pale, la Shinyanga pale. Likipotea umelipoteza wewe.

#6 TumbiliWaSaanane
#5 Mzee ulikuwa unashika waya au umeme ulikuwa unakushika wewe?

#7 MzeeWaKrosiba
#6 Vyote viwili. Volti 48 za betri hazikuwa tatizo, ila waya wa kengele simu inapoita, huo utakukumbusha ukoo wenu wote.

#8 MhandisiNansio
Turudi kwenye mada. Mleta mada, jibu liko kwenye RFC 4904 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), ya 2004 kama sijasahau. Inasema kundi lililoleta simu linakaa kwenye Contact, na kundi la kutokea linakaa kwenye Request-URI (anwani ya simu inakokwenda). Vigezo ni viwili, tgrp na trunk-context, na lazima viwe pamoja. Kikija kimoja bila mwenzake, mpokeaji anatakiwa achukulie kwamba hakuna habari ya kundi kabisa.

Kwa hiyo kabla hujamshtaki mtu, angalia kama trunk-context inafika. Ukiambiwa tgrp ipo lakini mwenzake hayupo, ni sawa na hakuna kitu.

#9 DadaWaZamu
#8 Marekebisho madogo mkuu: RFC 4904 ni ya Juni 2007. Ya 2004 ni 3966, ile ya tel URI (namba ya simu iliyoandikwa kama anwani) yenyewe, Desemba. Mengine uko sahihi.

#10 MhandisiNansio
#9 Nimekubali, umri huo. Nimebeba namba nyingi kichwani na upepo wa kivuko unazichanganya.

#11 KijanaWaKirumba
Na hiyo trunk-context ya nini tena? Jina la kundi si linatosha?

#12 AbiriaWaNyamhongolo
#11 Wewe ukinipigia ukaniambia "nipokee geti namba 3", nitakuja Nyegezi au Nyamhongolo? Stendi mbili, kila moja inaweza kuwa na geti namba 3 yake. tgrp ni namba ya geti, trunk-context ni jina la stendi. Mjomba wa Dar ana wateja wengi, na nakuhakikishia nusu yao wameita kundi lao la kwanza "TG-1".

#13 KijanaWaKirumba
#12 Hapo nimekupata kabisa. Asante.

#14 FundiWaBuzuruga
Mimi nasema moja kwa moja: SBC. Tena SBC yenu wenyewe, msimsingizie mjomba. SBC si proksi. Proksi inapitisha Contact ilivyo, SBC inakata simu vipande viwili, inajifanya mpokeaji upande huu na mpigaji upande ule. Kazi yake mojawapo ni kuficha anwani za ndani, na Contact ndiyo yenye anwani ya ndani. Kwa hiyo inaitupa na kuandika yake. tgrp ikiwa ndani ya Contact ya zamani inakwenda nayo jalalani, isipokuwa mtu ameweka kanuni ya kuihamisha.

Hiki ndicho kichekesho cha RFC hiyo. Waliweka habari ya muhimu kwenye heda ambayo kila mpaka wa mtandao una amri ya kuifuta. Ni kama kuandika jina la mwenye mzigo kwenye kamba, halafu kila mizani wanakata kamba.

#15 WayaMwekundu
#14 Mkuu, ingekuwa SBC inafuta, ingefuta zote. Mbona nyingine zinafika?

#16 FundiWaBuzuruga
#15 Mna SBC ngapi?

#17 WayaMwekundu
Mbili. Zinagawana simu.

#18 FundiWaBuzuruga
Hahahaha. Uzi umeisha, mods fungeni. Moja ina kanuni ya kuhamisha tgrp, nyingine mtu alisahau. Nenda kalinganishe konfigi.

#19 SangaraMbichi
Kumbe ni mapema hivi? Chai haijapoa.

#20 MkeraWaIgoma
Msimalize haraka. Nina kisa. Mwaka juzi tulikuwa na tatizo linalofanana kabisa, tukazilinganisha SBC mstari kwa mstari, zikawa pacha. Shida ilikuwa herufi. Swichi yetu iliandika MZA-A, jedwali la upande wa pili lina mza-a. Sasa kwenye tel URI herufi kubwa na ndogo ni sawa, lakini ukiiweka ile tel ndani ya SIP URI, sehemu iliyo kabla ya @ inalinganishwa kwa kuheshimu herufi kubwa na ndogo. RFC 3261 inalijua tatizo hili, ndiyo maana inashauri anayegeuza tel kuwa SIP aweke herufi ndogo na apange vigezo kwa alfabeti. Ni ushauri lakini, si lazima, na watu wa swichi wanapenda herufi kubwa kama mabango ya mikutano.

Programu moja ya mwenzetu ilikuwa inalinganisha kwa ukali, nyingine inalegeza. Simu zikipita kwenye ile kali, "kundi halijulikani".

#21 DadaWaZamu
#20 Hiyo nayo ina mantiki. Mleta mada anatumia MZA-A kwa herufi kubwa, tumeiona #1.

#22 TumbiliWaSaanane
Mimi nadhani ni ukubwa wa pakiti. INVITE (ujumbe wa kufungua simu) ikiwa kubwa kupita baiti 1300 kwenye UDP inavunjika vipande, kipande cha mwisho kinapotea, na tgrp ikiwa humo ndiyo basi.

#23 MhandisiNansio
#22 Hapo umechapia ndugu yangu. Kipande kikipotea, pakiti nzima inatupwa. Huwezi kupokea INVITE iliyoliwa mkia kama dagaa aliyegongwa na panya. Hizo baiti 1300 ni kweli zimetajwa, lakini ni za kukuambia uhamie TCP. Simu ingeshindwa kabisa, isingefika bila kundi.

#24 TumbiliWaSaanane
#23 Sawa mwalimu. Nimerudi mtini.

#25 BibiHesabu
Mimi si mhandisi, nakaa upande wa bili. Ngoja niwape upande wa pili wa meza.

Huyo mjomba akikosa kundi kwenye ujumbe hakai kimya. Mara nyingi mfumo wa bili unakisia: unaangalia namba ya mpigaji inaanza na nini, unasema huyu ni wa mtandao fulani, basi kundi ni lile. Hiyo ilikuwa sawa zamani. Tangu kuhama mtandao kwa namba ileile kuanze hapa nchini 2016, mwanzo wa namba hauthibitishi mtandao. Kwa hiyo hata safu zako za A na B, usiziamini. Inawezekana ndani yake kuna kubahatisha pia, na safu ya tatu ni ile iliyoshindikana hata kubahatisha.

#26 AbiriaWaNyamhongolo
#25 Mama, ni tarehe 1 Machi 2017, si 2016. Nakumbuka kwa sababu mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni na nilijuta.

#27 BibiHesabu
#26 2017, asante. Hoja inabaki palepale.

#28 WayaMwekundu
#25 Hili sikulifikiria. Maana yake hata hesabu tunayoikubali inaweza kuwa na makosa.

#29 BibiHesabu
Karibu kwenye ulimwengu wangu.

#30 MzeeWaKrosiba
Kwenye ISUP, lugha ya swichi za zamani kwenye mfumo wa SS7, mambo haya hayapo. Kila saketi ina namba yake, CIC. Swichi mbili zinazojuana, msimbo wa huyu na wa yule pamoja na CIC, unajua waya, unajua kundi. Mngebaki na SS7 mngelala.

#31 MkeraWaIgoma
#30 Mzee, mbona CIC hata kwenye SIP ipo? Kuna cic= kwenye URI. Mleta mada atumie hiyo.

#32 DadaWaZamu
#31 Hapana, hiyo ni CIC nyingine kabisa. cic ya kwenye tel URI, ile ya RFC 4694 pamoja na rn na npdi (vigezo vya namba zilizohama mtandao), ni msimbo wa kumtambulisha mtoa huduma, haihusiani na saketi. Herufi tatu, mambo mawili. Nimeshuhudia mtu akijaza namba ya saketi humo, na simu zote zikapelekwa kwa mtoa huduma asiyekuwepo duniani.

Na #30, tuweke sawa: hata ISUP haibebi jina la kundi. Inabeba namba ya saketi ya biti 12 tu, kundi kila swichi inalijua kwa jedwali lake. Tofauti ni kwamba mlikuwa na kitu cha kushikia. SIP haina. Hata SIP-I, inayobeba ujumbe wa ISUP tumboni, inauacha CIC nje kwa sababu hakuna saketi ya kuitaja.

#33 MzeeWaKrosiba
#32 Binti umesoma. Nakubali kwa shingo upande.

#34 WayaMwekundu
Nimerudi. Nimelinganisha SBC zote mbili kama #18 alivyoagiza. Kanuni ya kuhamisha tgrp iko kwa zote, maneno yaleyale. Nimechukua tresi upande wa nje wa kila moja kwa saa moja. INVITE zote zilizotoka zina tgrp na trunk-context. Zote.

#35 SangaraMbichi
#18 mods wafungue tena, au siyo?

#36 FundiWaBuzuruga
#35 Nimeona. Nakunywa maji.

#37 MhandisiNansio
Sasa imekuwa tamu. Zinatoka zikiwa nayo. Basi ni kati ya SBC zenu na jedwali la mjomba. Je, njia ya kwenda Dar ni moja? Ikikatika mkongo mnapita wapi?

#38 WayaMwekundu
Ya akiba inapita kwa mtoa huduma mwingine, anatupokelea SIP na kumkabidhi mjomba.

#39 MhandisiNansio
Ndiyo hivyo! Huyo wa katikati ana SBC yake. Kanuni #14, kamba inakatwa kwenye mizani yake. Mkongo ukiyumba simu zinapita kwake, zinafika Dar uchi.

#40 MkeraWaIgoma
#39 Au huyo wa katikati anatumia otg badala ya tgrp. Kuna watengenezaji waliotumia otg kwa kundi la kuletea simu, na swichi za zamani bado zinaiandika kwenye From. Programu ya mjomba ikitafuta tgrp haioni kitu, kumbe jina limekaa kwenye heda ya jirani.

#41 DadaWaZamu
#40 Otg nimeikuta hai mwaka huu huu kwenye swichi moja. Haijafa.

#42 WayaMwekundu
Njia ya akiba mwezi uliopita ilitumika siku mbili tu. Dakika zisizojulikana zipo siku zote 30. Inaweza kueleza kipande, si zote.

#43 Mwadila
Habari zenu wana uzi, nimesoma kutoka #1. Kuna kitu hamjaulizana: simu zisizojulikana ni fupi au ndefu?

#44 WayaMwekundu
#43 Subiri nipange faili.

#45 TumbiliWaSaanane
Wakati tunasubiri: nani anajua dagaa Mwaloni leo bei gani? Nina mgeni kutoka Dodoma.

#46 SangaraMbichi
#45 Bei imepanda, mwezi unang'aa vizuri usiku huu, dagaa hawafuati taa. Subiri giza. Mgeni mpe sato.

#47 KijanaWaKirumba
Yaani nimekuja kujifunza swichi nimejifunza kuvua.

#48 WayaMwekundu
#43 Wakuu. Nimepanga. Sehemu kubwa ya zisizojulikana ni simu za zaidi ya dakika 15. Sijui kwa nini sikuangalia mwanzoni.

#49 Mwadila
#48 Nilitegemea. Dakika 15 ni sekunde 900. Angalia Session-Expires (muda wa uhai wa simu kabla ya kuhuishwa) kwenye INVITE zenu, nabashiri ni 1800. Kwa kawaida simu huhuishwa ikifika nusu ya muda huo, kwa re-INVITE au UPDATE, ili kila upande ujue mwenzake yu hai. Sasa: mhuishaji ni nani? Kama ni SBC, anatengeneza ujumbe mwenyewe, na Contact anayoweka ni yake, haina tgrp. Kanuni yenu ya kuhamisha tgrp huenda inaigusa INVITE ya kwanza tu. Swichi ya mjomba inapokea Contact mpya, inaona "oho, imebadilika", na kumbukumbu ya simu inaandikwa kwa Contact ya mwisho. Simu iliyoingia na jina inazikwa bila jina.

Usiangalie INVITE za kwanza. Fuata simu moja mpaka dakika ya 16.

#50 FundiWaBuzuruga
#49 Huyu katoka wapi? Heshima mkuu.

#51 BibiHesabu
#49 Kutoka upande wangu hii inakaa. Mifumo mingi ya bili inachukua taarifa ya mwisho, hasa ile iliyorithiwa. Ingawa mimi ningeandika ya kwanza. Kundi la kuingilia halibadiliki katikati ya simu.

#52 MzeeWaKrosiba
Dakika 15! Zamani simu ya dakika 15 Mwanza–Dar ilikuwa ya Mkuu wa Mkoa au ya msiba.

#53 WayaMwekundu
Session-Expires ni 1800 kweli. Nimefuata simu tatu ndefu. Kwenye dakika ya 15 SBC inatuma re-INVITE, Contact haina tgrp. Mwadila uko sahihi kwa asilimia zote kwa simu ndefu.

Lakini kuna kundi dogo lisilojulikana la simu za sekunde 40, 55, dakika mbili. Hizo hazifiki kwenye kuhuishwa. Naomba msaada.

#54 MkeraWaIgoma
#53 Hizo ni herufi zangu za #20, nimesema toka mwanzo.

#55 FundiWaBuzuruga
#54 Herufi zingeharibu zote za MZA-A, fupi na ndefu. Mbona fupi nyingi zimepita?

#56 MkeraWaIgoma
#55 Kama mjomba naye ana seva mbili, moja kali moja legevu? Wewe si ndiye uliyetufundisha kuuliza "mna ngapi"?

#57 FundiWaBuzuruga
Umenirudishia jiwe langu.

#58 DadaWaZamu
Mnaonaje simu zilizohamishwa? Mtu kamwambia swichi ampelekee simu kwa namba nyingine, simu inatoka tena kama simu mpya na kundi la kuingilia halipo kwa sababu haikuingia kwa E1, imezaliwa ndani. Kwenye tresi angalia kama kuna Diversion au History-Info, heda zinazoonyesha simu imehamishwa. Zikiwepo, zile fupi ndizo hizo.

#59 MhandisiNansio
Au kundi A lilijaa. E1 mbili ni njia 60. Zikijaa, simu ya 61 inarudi na sababu namba 34, hakuna saketi, kwenye SIP inageuka jibu la hitilafu 503. Mpigaji wa mbali akijaribu njia nyingine, simu inaweza kuingia kwa IP moja kwa moja bila kupita geitiwei yenu, na ikaja bila kundi. Linganisha saa za hizo simu na saa ambazo makundi yamejaa.

#60 Mwadila
#58 na #59 zote zinawezekana. Nisingechagua kabla ya kuona tresi. Ila mleta mada, jambo moja: mwombe mjomba aangalie heda ya P-Charging-Vector pia. Ina orig-ioi na term-ioi, vitambulisho vya mitandao miwili inayodaiana, na ni kwa kazi hiyohiyo ya malipo. Mitandao mikubwa siku hizi inaamini hiyo kuliko tgrp. Nyingine haiangalii chochote kwenye ujumbe, inasema "kilichoingia kwa anwani hii ya IP na bandari hii ni cha Mwanza, basi", na kundi linatolewa kwa mlango.

#61 AbiriaWaNyamhongolo
#60 Yaani geti namba 3 halihesabiki tena, anayetambuliwa ni kondakta.

#62 Mwadila
#61 Na konda hubadilishwa kila wiki.

#63 SaaSita
Nachelewa kuingia. Angalieni saa za seva. Yetu iko kwenye saa za hapa, ya mwenzetu iko UTC, saa tatu nyuma. Simu za usiku wa tarehe mosi zinaingia mwezi uliopita, hesabu hazikutani.

#64 BibiHesabu
#63 Hiyo inaharibu jumla ya mwezi, haileti safu ya "halijulikani". Ila ni kweli, tulishapoteza wiki nzima kwa hilo.

#65 MzeeWaKrosiba
#63 Mimi yangu iko saa sita nyuma, na siibadilishi.

#66 KijanaWaKirumba
#65 Hahaha, Mzee anaingiza saa za Kiswahili kwenye swichi. Saa moja asubuhi simu zote zinajulikana.

#67 MgeniWaSengerema
Swali la pembeni. Kwetu trunk-context si jina la domeni, ni +255-28. Ni sawa?

#68 DadaWaZamu
#67 Ni sawa, inaruhusiwa kuwa domeni au mwanzo wa namba ya kimataifa. Ila +255-28 ni kanda nzima, Bukoba na Musoma wamo pia. Mkianza wote kuita kundi lenu "TG-1" na muktadha +255-28, tumerudi kwenye geti namba 3. Tumieni domeni.

#69 MgeniWaSengerema
Nimeelewa, shukrani.

#70 WayaMwekundu
Taarifa. Jana tumeongeza kanuni kwenye SBC, sasa tgrp inaingia pia kwenye re-INVITE na UPDATE. Simu ndefu zilizofuatwa leo zimefika Dar na jina mpaka mwisho. Mjomba hataki kubadilisha mfumo wake wa kuandika Contact ya mwisho, anasema ndiyo ilivyo, na za miezi iliyopita halipi nyuma.

Za fupi bado. Herufi tumezigeuza kuwa ndogo pande zote, zimepungua kidogo au ni macho yangu. Diversion nimeikuta kwenye moja tu kati ya nilizokamata.

#71 MkeraWaIgoma
"Zimepungua kidogo." Andikeni hiyo.

#72 FundiWaBuzuruga
#71 "Au ni macho yangu." Andikeni na hiyo.

#73 MhandisiNansio
Makundi yalijaa saa ngapi?

#74 WayaMwekundu
#73 A lilijaa mara mbili wiki hii, jioni. Simu fupi zisizojulikana moja ilikuwa jioni, nyingine asubuhi. Mjomba ameniambia nimpelekee tresi kamili ya simu moja ya sekunde 40 isiyojulikana, kuanzia geitiwei mpaka kwake. Nimekaa hapa toka saa mbili asubuhi na Wireshark, programu ya kunasa tresi, imefunguliwa. Leo haijatokea hata moja.

#75 TumbiliWaSaanane
Zimekuona.